Magugu Mbele ya Nyumba

Nderitu wa Saboti alirudi kutoka kliniki mjini Kitale akiwa amenuna. Nesi alikuwa amempima mkewe Rispah, mja mzito wa mtoto wa pili baada ya Lorraine, akasema damu iko chini. Ameze vidonge, ale mboga za kienyeji kila siku. Mwezi mmoja ukiisha bila damu kupanda, kujifungua kutakuwa na hatari.

"Damu gani?" Nderitu aliwaka njiani. "Stoo imejaa mahindi hadi darini! Maziwa karibu tumwage!"

Rispah aliubana mkoba wake kwapani. Mkobani alificha odowa, yale mawe laini ya sokoni, aliyokuwa akiyatafuna kwa siri kama wafanyavyo waja wazito wengi.

Jumamosi Nderitu alifunga safari hadi Kabuchai, Bungoma, kwa mama mkwe wake Nakhumicha, kutaka ushauri. Kwa mila ya kwao mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwe, wala hawaketi pamoja. Basi Nderitu akakaa sebuleni, mama jikoni, mlango wazi, wakazungumza hivyo hivyo.

"Mnakula nini, baba?"

"Ugali ya unga nyeupe, mama. Mchele, viazi. Nyama Jumapili."

"Na kwa mahindi, si kunaota mboga za kienyeji, terere na saga?"

Hapo Nderitu akajitanua. Shamba lake lilisifiwa hadi Moi's Bridge. "Hakuna, mama. Nilipiga dawa ya magugu. Huwezi ona hata jani moja."

Jikoni mama akaweka mwiko chini.

"Rispah nilimlea na hizo, baba. Ati hakukuambia?"

Alikuwa amemwambia. Siku ile ya dawa, Nderitu yuko na pampu mgongoni, Rispah akimfuata: "Baba Lorraine, niachie tu kona moja." Naye akacheka, "Nikuachie magugu? Watu watasema nini?"

Majuto ni mjukuu, lakini ya Nderitu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Aliona haya mpaka chai ikamshinda kunywa.

Alirudi na mbegu alizofungiwa kitambaani. Akachimbua nyasi za mbele ya nyumba, zile alizozikata kila wiki ili wageni wazione, akapanda. Mboga zilipokuwa zikiota, mama alituma fungu baada ya fungu kutoka Kabuchai.

Mwezi ukaisha. Damu ilikuwa imepanda. Nderitu alitoka nje ya kliniki, akalia.

Jioni hiyo jirani yake Kabiru aliegemea ua. "Bana, mbona unafuga magugu mbele ya nyumba?"

Nderitu alikuwa amechutama, anachuma.

"Ni ya Rispah," alisema. "Aliniomba, nikamcheka."