Bomba la Magugu

Wiki mbili kabla ya kuugua, Baba aliniita tuzunguke naye shambani. Alitaka nijue kila kitu: dawa zinakaa wapi, wateja wa miche ni akina nani, nani ashike usukani akianguka. Nilicheka. "Baba, mbona unajichulia?" Nikarudi ndani na simu yangu.

Kiharusi kilimpata Jumanne asubuhi akifunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito. Mama akabaki naye hospitalini. Mimi nikaachiwa vitalu, na miche elfu sita ya nyanya iliyokaribia kuchukuliwa.

Baba alikuwa na mfanyakazi aliyemtumikia kwa miaka kumi na minane. Tulimwita Kimya, kwa utani, maana mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya tatu alikwenda kununua mbolea, nami nikaona wadudu kwenye majani. Ningeweza kumpigia simu. Lakini mimi, msomi mzima, nimuulize kibarua? Nikachukua bomba la kwanza nililoliona stoo, nikachanganya dawa, nikapulizia mwenyewe.

Lilikuwa bomba la kuulia magugu, na ndani mlikuwa na mabaki ya sumu. Siku ya nne kitalu kizima kilikuwa njano.

Mama na shangazi walipokuja kuona, vibarua wote wakiwepo, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Ni Kimya. Amekosea bomba."

Kimya alinitazama. Nilisubiri amwage maneno. Akavua mabuti, akayapanga mlangoni pa stoo, akaondoka.

Jioni hiyo nilimweleza Baba hivyo hivyo. Alihangaika na ulimi wake mpaka jasho likamtoka.

"Kimya... hakosei bomba. Aliliandika... yeye."

Ni kweli. Lilikuwa na maandishi makubwa ubavuni. Sikuwa nimejisumbua kuligeuza. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ni mimi, Baba."

Hakunigombeza. Aligeuza uso ukutani, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Kesho yake nilikwenda kwa Kimya. Nilimkuta anapasua kuni.

"Baba mdogo," nikasema. Sikuwa nimemwita hivyo tangu nimalize shule. "Nilikusingizia. Mama na shangazi nimeshawaambia ukweli."

"Na vibarua?"

"Bado."

"Waambie nikiwepo. Halafu uje na daftari, nikuonyeshe kazi. Narudi kwa ajili ya mzee, si kwa ajili yako."

Niliwaambia, wote kumi na mmoja, nikiangalia vidole vya miguu yangu. Mmoja mmoja wakarudi vitaluni.

Wateja wengi walinunua miche kwingine msimu ule. Baba aliporudi nyumbani, alitia sahihi kwa mkono wa kushoto karatasi ya kumteua msimamizi wa shamba pindi yeye asipoweza. Aliandikwa Kimya. Mimi niliwekwa chini yake, msaidizi. Sikupinga.

Kimya hunifundisha vizuri, bila utani hata mmoja. Na vibarua wakicheka stoo, hupita nimeinamisha kichwa.