Kioo cha Rahabu

Kufika alasiri, mikono ya Wayua ilikuwa mizito kama ya mtu aliyeshinda akichuma kahawa. Stoo ya chuo cha walimu, nje kidogo ya Thika, ilijaa vioo vya picha, vile ambavyo kamera za zamani zilitumia badala ya filamu: wanafunzi wa zamani, waliopigwa picha mmoja mmoja na mmisionari aliyekwisha kurudi kwao. Kesho lori lingevichukua vyote hadi Kampala, ambako maktaba ya chuo kikuu ilikuwa imetenga chumba cha kutunzia vitu adimu. Kazi ya kuvipangusa na kuvifunga alipewa Wayua, aliyehitimu hapo hapo mwaka uliopita.

Lakini tangu asubuhi hakuwa amefunga kitu. Mama Magdalene alikuwa ameketi mlangoni, kibali chake cha kusafiri kimefundikwa kwenye ncha ya leso. Alitoka Ruiru, na ilimpasa arudi kijijini kabla askari hawajafunga geti jioni. Binti yake Rahabu alisoma hapa, akafa kwa homa ya matumbo. Nyumba yao ilibomolewa serikali ilipowahamishia kijiji hicho wakati huu wa Hali ya Hatari, na vitu vya marehemu vikapotea humo; sasa alikuja kutafuta picha yake.

"Siku hizi nikimkumbuka naona gauni tu," alisema. "Uso unanikimbia."

Wayua alipekua sanduku la R mara ya tatu. Raeli, Rebeka, Ruth. Akajishika kiuno.

"Mama, hapa hakuna Lahabu."

"Hakuna nani?"

"Lahabu. Binti yako."

Magdalene, ambaye hakuwa ametabasamu tangu afike, akaangua kicheko. "Ngai! Lahabu! Nyinyi Wakamba, hiyo r mliipeleka wapi? Mimi nilizaa Rahabu!"

Wayua aliona haya, akainamisha kichwa. Hata darasani walikuwa wakimcheka hivyo hivyo. Kisha akanyanyua macho. Majina mengine ya stoo hii yaliandikwa na mmisionari mwenyewe, mengine na karani Muthoka, Mkamba mwenzake. Na Muthoka aliandika kama alivyotamka.

Akavuta sanduku la L. Kioo cha kwanza kabisa: Lahabu.

Alikipeleka dirishani. Magdalene alikitazama, mabega yakamshuka.

"Huyu ni Mzungu, mwanangu. Tena ajuza."

Kweli, kiooni kila cheusi kilikuwa cheupe: uso kama chokaa, nywele kama mvi. Kuihamishia picha kwenye karatasi kulihitaji dawa, na dawa ziliondoka na mmisionari. Wayua alitamani kuketi chini asiinuke tena. Lakini kioo chenyewe kilikuwa hafifu, picha yake nyepesi kama moshi. Alivua sweta yake nyeusi, akaitandaza magotini pa Magdalene, akakilaza kioo juu yake, kisha akakiinamisha polepole mpaka mwanga ukakipiga ubavuni.

Uso ukageuka. Akatokea msichana mweusi, mwenye mwanya, anayejizuia kucheka.

Magdalene hakulia. Alisogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa.

"Kovu la nyusi. Aliangukia jiwe la kusagia. Nilikuwa nimelisahau."

Nje, vivuli vilikuwa virefu.

"Mama, basi litakuacha. Na geti je?"

"Ngoja kidogo. Sijamaliza."

Magdalene alikuwa sasa amekishika kioo mwenyewe kwa ukingo mmoja, lakini mkono ulichoka kikayumba, na msichana akawa anapotea, anarudi. Wayua alipiga magoti sakafuni, mgongo ukimuuma, akaushika ukingo wa pili wa kioo ili kitulie.