Teke Lililofunikwa na Radi

Filamu ya *Mlinzi wa Duara* ilipooneshwa kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa harusi pale Nyasubi, Mageni alikaa safu ya nyuma na mama yake, mguu wa kulia ameunyoosha kwa sababu goti halikukunjika vizuri tena. Mama yake, Mbuke, alitoka Ushetu asubuhi ile, akaacha tumbaku yake kwenye bani la kukaushia, aje amwone binti yake akipigana.

Mageni alikuwa mwalimu wa karate. Siku Abdulshakur, mpiga picha za harusi, alipomfuata na kumwambia anataka kutengeneza filamu ya shujaa wa hapahapa, mwanamke mchimbaji anayepambana na genge linalowapora wenzake mawe yenye dhahabu, Mageni alidhani anataniwa. Mashujaa wote aliowahi kuwaona kwenye filamu walikuwa vijana wabichi, naye ujana ulishaanza kumpa mgongo. Akamwambia hivyo.

"Hao wanaigiza kupigana, dada Mageni," Abdulshakur alimwambia. "Wewe unapigana."

Neno hilo lilimwingia. Akakubali.

Pambano la mwisho walilipiga picha kwenye machimbo yaliyoachwa upande wa Bugarama, kando ya duara, yaani shimo la wachimbaji. Mageni alitakiwa aruke kutoka juu ya kifusi, ampige kiongozi wa genge teke la kifua. Mara ya kwanza wingu lilifunika jua, Abdulshakur akaomba warudie. Mara ya pili Mageni aliruka, na angali hewani alijua kwamba tangu azaliwe hajawahi kurusha teke kama lile. Kisha akatua, jiwe likateleza chini ya mguu, goti likalia kama kijiti kikavu.

Akiwa chini, jasho likimtoka kwa maumivu, aliuliza jambo moja tu.

"Umelipata?"

"Nimelipata, dada. Lote."

Daktari alimwambia hataruka tena. Alijipa moyo: angalau lile la mwisho lipo, litaonekana.

Ukumbini, nusu ya kwanza ya filamu iliwashika watu. Shujaa alichoka. Alipigwa, akafuta pua kwa mkono wa shati, akajificha nyuma ya viroba vya mawe akihema mpaka pumzi zake zikasikika ukumbi mzima. Vumbi lilikuwa vumbi kweli. Boaz, kijana wa klabu yake ya karate aliyeigiza kiongozi wa genge, alikuwa na ucheshi wa kutisha. Watu walicheka, kisha wakajuta kucheka. Vijana walipanda juu ya viti wakipiga kelele, "Mpe! Mpe huyo!" Kila ngumi ilipompata shujaa, Mbuke alibana mkono wa binti yake na kuguta, "Mayu wee!"

Kisha shujaa akatumbukia duarani, akagusa jiwe linalong'aa, akatoka na nguvu za ajabu. Hapo ndipo filamu ilipoharibika. Radi za buluu zilimtoka mikononi, genge likapeperuka kama pumba. Hakuchoka tena, hakuumia tena. Na asiyeweza kuumia, nani atahofu kwa ajili yake? Muziki ukafunika pumzi. Mazungumzo yakaanza ukumbini, simu zikawaka huku na kule. Teke la Bugarama likaja na kupita kufumba na kufumbua: kivuli cha buluu ndani ya radi, basi. Boaz akafa hata sentensi yake hajaimaliza.

"Sasa huyu ni nani?" Mbuke akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nilikuona mwanzoni, mwanangu. Huyu simwoni."

Watu walipiga makofi ya adabu, wakatoka wakisimuliana yale mapambano ya mwanzo.

Kesho yake Mageni alikwenda studio kwa Abdulshakur, akamwomba amwoneshe lile teke kama lilivyopigwa, kabla ya radi. Abdulshakur aliinamisha kichwa.

"Nilizifuta picha za mwanzo. Kompyuta ilijaa, nikahitaji nafasi ya zile radi."

Mageni akatafuta kiti, akakaa.

"Lakini nilikuonesha kabla sijamaliza," Abdulshakur akasema taratibu. "Nikakuuliza, dada, radi zimezidi? Ukasema ni nzuri."

Ilikuwa kweli. Mageni alikuja na magongo siku ile, akajiona kwenye kioo cha kompyuta akiwaka kama jua. Moyo ulimwambia, hapa pameharibika, mwambie. Hakusema. Alimwonea haya mtu aliyemchagua yeye kati ya wote. Na tena, alijua sasa, alipenda kujiona hivyo: mzima, asiyeguswa na jiwe wala maumivu. Kwa goti lile bovu, uongo ule ulimfariji.

"Ningekuambia," alisema, "ungeziondoa?"

"Ningeziondoa. Nilikuwa natafuta mtu wa kunikataza."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya bajaji.

"Tutatengeneza nyingine," Abdulshakur akasema. "Bila radi hata moja."

"Tengeneza," Mageni akajibu. "Ukimaliza niite. Safari hii nitasema."

Akainuka kwa kushika meza, akaenda stendi alikokuwa mama yake akisubiri gari la Ushetu. Mbuke alimsogezea mzigo wake akalie. Mageni alikaa, akaanza kumsimulia teke lile tangu aliposimama juu ya kifusi, mikono yake ikieleza pale ambapo maneno yaliishia, na mama yake akimsikiliza akijaribu kuliona.