Prosesa Aliyoitaka Stella

Jovin na dada yake Stella walikuwa na studio ya video Njoro, mjini Moshi, katika fremu iliyobanwa kati ya saluni na duka la chakula cha kuku. Jovin alishika kamera. Alipiga harusi, kipaimara na misiba, kuanzia Rombo hadi Hai, akarudi na kadi zilizojaa. Stella ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta akakata, akaunga, akaweka muziki, na watu walipotazama video zao walilia pale pale alipotaka walie. Wateja waliziita "video za Stella". Jovin hakuona wivu, maana hata yeye aliziita hivyo.

Tatizo lilianza waliponunua kamera mpya. Picha zake zilikuwa nzuri mno, ila kompyuta yao ya zamani haikuziweza. Stella akibonyeza kucheza, bibi harusi ananyanyua mguu na kubaki hewani, mguu haushuki, huku sauti ya kwaya ikiendelea. Wakakubaliana kuunda kompyuta mpya, kipande kwa kipande. Kesi, memori, pawa saplai, vyote hivyo havikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye prosesa, yaani ule ubongo wa mashine.

Stella alitaka Intel.

"Faili za kamera yetu Intel inazifungua bila kuhema," alisema. "Ina sehemu ndani yake ya kazi hiyo hiyo. Nimeona kwa rafiki yangu Pamela, video inateleza kama mafuta."

Jovin alitaka AMD. "Unaangalia leo tu, Stella. Soketi ya AMD ya sasa, pale prosesa inapokaa, itapokea na zitakazotoka mbele huko. Unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, kwisha. Intel wakibadili soketi, unaanza kununua na mazabodi, lile bao kuu lenye soketi, upya."

"Mbele huko nani anajua? Mimi nina harusi ya Jumamosi."

"Ndiyo shida yako. Huangalii mbele."

"Na wewe huangalii pengine!"

Walibishana studio, walibishana wakila chipsi, walibishana mpaka nyumbani kwao Mkuu, Rombo, walipokwenda kumsalimu mama yao, Mektrida. Mama alikuwa akipakua mtori. Akawasikiliza wee, kisha akasema, "Mngekuwa mnagombea kihamba, shamba hili la baba yenu, ningeelewa. Hicho mnachogombea kina ukubwa gani?"

Stella akamwonyesha kwa vidole, kama kipande cha biskuti. Mama akacheka mpaka akaweka upawa chini. Ila alipomaliza kucheka alimtazama Stella kwa muda, na Jovin, aliyekuwa na haraka ya kumaliza hoja yake, hakujiuliza kwa nini.

Stella alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Homa ya utotoni ilimharibia valvu, na kila mwezi alichomwa sindano. Nyumbani walikuwa wameshaizoea sindano hiyo kama watu wanavyozoea mlango unaokwama. Alipanda ngazi taratibu, hakucheza sana harusini, basi. Hakuna aliyemwita mgonjwa.

Siku moja alirudi studio na kesi nyeusi ya kompyuta, imefungwa vizuri, akaisimamisha kwenye kona na kuifunika kanga.

"Mazabodi imeshafungwa humo," alisema. "Imebaki prosesa. Usiguse."

"Umenunua ya Intel?"

"Nimenunua ninayoitaka."

"Haya, utaona," Jovin akasema. Alinuna mpaka jioni, naye Stella akawa anaimba.

Masika ilipokolea, Stella alianguka asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Majirani walimbeba, gari likapatikana upesi, lakini walipofika hospitali daktari alimgusa tu shingoni, akamgeukia Jovin na kumwomba akae. Jovin hakukaa. Alisimama akishikilia viatu vya dada yake, maana vilikuwa vimemvuka njiani na yeye ndiye aliyeviokota.

Walimzika Mkuu, kihambani, kando ya baba yao, chini ya migomba. Watu wa kwaya waliimba, mvua ikanyesha juu ya turubai, udongo mwekundu ukaganda kwenye viatu vya kila mtu. Ndugu walimwuliza Jovin kama atapiga video. Alitikisa kichwa. Alikuwa amepiga misiba ya watu wengi, akawafuata wajane na kamera hadi ukingoni mwa kaburi, na siku ile hakujua mikono yake aiweke wapi.

Alikaa kwa mama hadi ndugu walipotawanyika, kisha akarudi Njoro. Studio ilikuwa inanuka vumbi. Alifungua dirisha, akafagia, akakaa kwenye kiti chake, siyo kile cha Stella. Ile kesi ilikuwa pale kwenye kona chini ya kanga. Ndipo akaamua. Atainunua ile Intel. Hatabishana tena. Ataijenga mashine ya dada yake kama alivyoitaka, na akishaiwasha, roho yake huenda itatulia kidogo.

Aliibeba kesi hadi kwa fundi Wilson, aliyekuwa na duka la kompyuta nyuma ya stendi. Wilson alikuwa amefika msibani. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Pole tena, mangi. Kaa."

"Nimekuja kuimalizia," Jovin alisema. "Niwekee Intel. Ile aliyokuwa anaisema kila siku."

Wilson aliitazama kesi, akamtazama Jovin. "Intel?"

"Ndiyo."

"Hujaifungua?"

"Alinikataza nisiguse."

Wilson akachukua bisibisi, akafungua ubavu wa kesi na kuugeuza kwenye mwanga wa mlango. Jovin aliinama. Alizijua soketi vizuri kuliko alivyozijua sala zake, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba kwenye hii Intel haiingii. Bado akasema, "Umekosea. Umemfungia siyo yenyewe."

"Sikukosea, mangi. Nilimwuliza, nikarudia kumwuliza, maana hapa dukani tulijua Stella na Intel yake. Akaniambia funga ya AMD. Nikamwambia, leo kaka yako amekushinda. Akacheka. Akasema, 'Mwenye mashine ni kaka yangu. Mimi ninaiazima tu.'"

Nje mtu alikuwa akinadi mitumba kwa kipaza sauti. Jovin alisikia kila neno, bei ya suruali, bei ya mashuka, na yote yalimpita.

"Lini hiyo?"

"Baada ya Pasaka. Alitoka hospitali siku hiyo, alikuwa na picha za kifua kwenye mfuko. Nilidhani unajua."

Jovin aliiacha kesi mezani, ubavu wazi, akaenda kupanda gari la Rombo.

Alimkuta mama anamkatia ng'ombe migomba. Hakumwamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Akasimama mbele yake.

"Ulijua, mama."

Mektrida aliendelea kukata kidogo, kisha panga likatulia mkononi.

"Alikuja kuniambia kabla ya Pasaka. Valvu imeisha, moyo umevimba. Walisema apasuliwe Dar, lakini kwanza apate nguvu. Hakuzipata."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nakaa naye kila siku! Nilikuwa namwambia haangalii mbele. Mimi! Unajua nilimwambia mara ngapi?"

"Najua. Alinisimulia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Nilimsihi, Jovin. Nilimwambia huyo ni kaka yako, mwambie. Akasema, 'Mama, akijua ataacha kunigombeza. Ataanza kuniongelesha kwa sauti ya chini, kila nikisema kitu atasema sawa. Sitaki. Nataka abishane na mimi kama kawaida.'" Mama alijifuta uso kwa mkono wenye utomvu. "Ile siku mlipogombana hapa juu ya kile kidude, usiku alikuja kulala chumbani kwangu. Akaniambia, umeona anavyonichachamalia? Alikuwa na furaha, mwanangu. Mimi nilikuwa nalia gizani, yeye ana furaha."

Jovin alitaka kukasirika zaidi, lakini hasira haikupata pa kushika. Aliketi kwenye mabua ya migomba, kwenye unyevu, akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hospitali wala kaburini. Mama yake hakumnyamazisha. Alikuja akasimama karibu, mguu wake ukigusa bega lake, na ng'ombe akaendelea kutafuna.

Baadaye, kabla ya kuondoka, alimwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda ukafanye kazi. Ukishindwa, rudi, kihamba kipo."

Prosesa ya AMD iliingia kwenye soketi bila shida. Wilson aliifunga, mashine ikawaka, feni zikavuma kwa utulivu. Kwa mambo mengi ilikuwa na kasi ambayo studio ile haikuwahi kuiona. Ila Jovin alipofungua faili za kamera mpya, harusi ya Machame, picha ilikwama. Siyo sana kama zamani, lakini ilikwama, bwana harusi akabaki amefungua mdomo. Stella alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na alijua. Alijua kabisa mashine ile itamsumbua yeye anayehariri, na bado aliichagua.

Jovin alijifunza kuhariri kwa shida. Ilimbidi kwanza azipunguze faili, jambo lililokula muda. Alikata mahali pasipotakiwa, akaweka muziki mkubwa kuliko mahubiri. Wateja wengine walichukua video zao kimya, na kimya chao alikielewa. Wakati mwingine alitamka hoja kwa nguvu, mambo ya soketi, mambo ya joto, kisha akangoja, na kutoka upande wa pili wa chumba hakuna kilichorudi ila feni.

Siku moja mchana simu ya studio ililia. Alikuwa binti wa Kwa Sadala, Elinipendo. Sauti yake ilikuwa inaruka kwa furaha.

"Kaka, nimeposwa! Harusi ni baada ya mavuno ya kahawa. Mlipiga ya dada yangu, nyumbani tunaitazama mpaka leo. Sasa nataka ya kwangu ahariri Stella mwenyewe, siyo mtu mwingine. Yupo? Nipe niongee naye."

Jovin alishika simu. Tangu msiba, wote aliokutana nao walikuwa wanajua tayari. Hakuwahi kulisema neno lile kwa kinywa chake.

"Stella amefariki," alisema.

Elinipendo akaanza kulia, kilio cha mtu aliyeshtukizwa, akasema, "Jamani, kaka, sikujua, nisamehe, sikujua," akarudia hivyo hivyo. Jovin akajikuta yeye ndiye anayembembeleza. Usilie dada, alimwambia, Mungu anajua, usilie. Alisimama dirishani huku machozi yakimshuka mpaka kwenye kola, na alipoona yule binti amepata pumzi, akamwuliza harusi yenyewe itafungwa usharika gani.