Wale Vijana Wanaokaa Jikoni

Mjukuu wangu alikuwa na vijana watatu wasioonekana: Mbishi, Kinywele na binti mmoja anayeitwa Mpole. Si wa kwake. Ni wa tamthilia ya runinga, ila yeye aliwachukua akawa anawatungia mambo mapya kwenye simu, na wapenzi wenzake wa tamthilia hiyo wanasoma na kuandika maoni yao chini. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapo sebuleni. Yeye alikaa sakafuni karibu na miguu yangu, akiandika, kisha akinisomea huku nakanyaga cherehani. Ndivyo tulivyoishi tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Tulizika, watu wakatawanyika, mjukuu akaingia ndani, asitoke tena. Si shuleni, si dukani. Alifika uani kuanika nguo, akarudi.

Sikumgombeza. Hata mimi sikuwa na moyo wa kugombeza mtu. Nilikuwa kama niliyevaa nguo juu ya nguo. Mambo yananifikia kwa mbali. Nilitaka jambo moja tu, mtoto avuke kizingiti kabla hajazoea kuta. Nianzie wapi, sikujua.

Siku moja akaacha kusoma katikati.

"Bibi, wamenisema."

"Nani?"

"Wasomaji. Wanasema vijana wangu kila siku wako jikoni. Wakigombana, jikoni. Wakipatana, jikoni. Mmoja ameandika, 'Hao watoto watanenepa.'"

Nilicheka kwa pua. Yeye hakucheka.

"Si uwatoe?"

"Niwapeleke wapi?"

Nikasimamisha gurudumu. "Kwani vijana siku hizi wanakaa wapi?"

"Sisi tulikuwa tunakaa..." Akaangalia simu. "Sikumbuki."

"Basi mke mwenzangu, wewe tulia hapo. Nitakwenda kukutazamia."

Ndivyo nilivyogeuka mpelelezi uzeeni. Jioni nikimaliza kazi najitanda mtandio, natoka. Kwanza nilisimama kituo cha mafuta, pale pembeni wanapojaza upepo. Vijana walikuwa wamekalia ukuta mfupi. Mlinzi akanifuata.

"Shikamoo, bibi. Umepotea?"

"Marahaba. Sijapotea. Natazama watoto wanavyokaa."

"Ni wajukuu zako?"

"Hapana."

Akakuna kichwa. "Haya, tazama, bibi. Ila usisimame njia ya magari."

Nikaenda saluni ya kusuka, nikajifanya nauliza bei, na nywele zangu zenyewe zinahesabika. Nikaenda ngazi za maktaba, wanapokaa na simu zao kwa sababu mtandao wa bure unafika hadi nje. Kila nikirudi, mjukuu ananingoja.

"Haya, wanafanya nini?"

"Mmoja upindo wa suruali ameubandika kwa gundi. Gundi! Yule wa kike kapunguza sketi kiunoni, tena vibaya, inavuta nyuma. Mrefu hana kifungo cha pili."

"Na wanaongea nini?"

"Sikusikiliza."

"Bibi!"

"Macho yangu ni ya mishono, mwanangu. Yakitoka, yanatoka na kazi yake."

Akaandika hivyo hivyo. Mbishi akapelekwa kituo cha mafuta, akasimama na upindo wa gundi. Kinywele akakalishwa kwenye ngazi za maktaba bila kifungo. Mpole akaingia saluni na sketi inayovuta nyuma. Wote kimya. Wasomaji walivumilia kidogo, kisha wakaanza. Alinisomea bila kupandisha sauti, kama anayesoma maelekezo ya dawa.

"'Jamani, hawa ni vijana au nguo zilizoanikwa?' 'Mwandishi, wewe huwa unatoka nje kweli?'"

Akaiweka simu kifudifudi. "Naacha, Bibi. Hawa niwaache tu."

Hapo nikaogopa, au niseme nilijua kwamba ningeogopa kama ningekuwa mzima. Vijana wale ndio kitu pekee alichokuwa amekishika. Akiwaachia, atabaki na kuta.

"Usiwaache. Kosa ni langu, nimekupa macho ya fundi. Masikio sina. Kesho twende wote, ukasikilize."

"Siwezi."

"Huongei na mtu. Utasikiliza, ukichoka tunarudi. Mimi nitaangalia vifungo."

Kesho yake nilivaa viatu nikakaa mlangoni. Jua likahama goti moja hadi jingine. Jirani akapita akaniuliza kama nasubiri gari. Nikamwambia namsubiri mke mwenzangu, anajipamba. Ndani sikuita. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, lakini siku hiyo sikungoja mbivu wala mbichi. Nilikaa kwa kuwa nilikwisha kaa. Mwisho nikasikia kandambili nyuma yangu.

"Twende karibu tu," akasema. "Pale kwa fundi wa pancha."

Kwa fundi wa pancha kulikuwa na matairi mabovu yamelazwa moja juu ya jingine, na vijana juu yake kama kuku: wavulana wawili na msichana. Sisi tukakaa benchi la wateja. Mjukuu hakutoa simu. Alitazama chini.

"Wewe hata chai unaunguza," msichana alikuwa akimwambia mmoja wa wavulana.

"Nani kakwambia?"

"Mdogo wako. Anasema ndugu zako wakikuona na sufuria wanafungua madirisha."

"Mwongo huyo! Ilikuwa mara moja."

"Mara moja kwa siku."

Wakacheka. Msichana akageuka, macho yakamwangukia mjukuu wangu.

"Wewe si tulikuwa darasa moja? Ulihama?"

Nilitaka kumjibia. Ulimi ulikwisha inuka, nikauuma.

"Sikuhama," akasema. "Mama alikufa."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo, mbele yangu wala popote. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa magotini, kama ya mtu mwingine.

Hakuna aliyesema pole. Nadhani hawakujua inavyosemwa. Yule wa chai akasogea, akapiga tairi kwa kiganja.

"Njoo ukae huku basi. Hilo benchi ni la wazee." Kisha akakumbuka nipo. "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Benchi nimelipokea."

Mjukuu akaenda akakaa. Wakarudi kwenye chai yao kama vile nchi nzima inaitegemea. Mjukuu alisikiliza muda mrefu, uso hauna kitu. Halafu akauliza, polepole kabisa, "Lakini chai inaunguaje, na ina maji?"

"Muulize! Muulize huyo!" Msichana alipiga makofi. Wote wakamgeukia mwenzao, naye akaanza kujieleza kwa mikono miwili.

Fundi wa pancha akaniuliza kama nimeleta tairi. Nikasema sina. Nikasimama.

"Mimi naenda."

"Nenda, Bibi," mjukuu akasema bila kunitazama. "Nitakuja."

Nikafika nyumbani, nikafungua mlango. Ndani hakuna mtu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kuwa humo peke yangu. Nikavua mtandio nikasimama nao mkononi, sijui niutundike wapi. Kisha nikajaribu na mimi neno lile, kwa sauti ya kawaida, kama ninayemwambia mtu aliye chumba cha pili.

"Binti yangu amekufa."

Nikalisema tena.