Glasi Mbili Ukutani

Jumanne ya kwanza baada ya sikukuu ya Dashain, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Keshab Adhikari alisimama mlangoni mwa basi dogo la watalii katika mtaa wa Thamel, mjini Kathmandu, akahesabu vichwa. Orodha ilikuwa na majina tisa. Ndani ya basi walikaa abiria kumi. Alihesabu tena kwa kidole, akapata kumi vilevile. Aliyezidi alikuwa mwanamke mzee katika kiti cha kwanza nyuma ya dereva, mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni na kitambaa cheupe magotini. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Jina lake lilikuwa Suntali, naye alikuwa amekufa siku arobaini na moja zilizopita.

Dereva, Purna Tamang, alikwisha kumpa mto wa kuegemea.

"Huyu hayumo kwenye orodha, mzee Purna," alisema Keshab.

"Maiti na orodha wapi na wapi? Mwambie afunge mkanda tu. Askari wa kizuizini Thankot hawaulizi nani mzima, wanauliza nani hajafunga."

Suntali alifunga mkanda. Keshab alishika kipaza sauti, akawakaribisha wageni, akawaeleza safari ya siku nne: miji ya milimani, mahekalu, na maziwa mawili ya Pokhara. Kisha akanyoosha kiganja kuelekea kiti cha kwanza, kwa adabu ya kazi yake.

"Na huyu ni bibi mmoja wa vijijini. Anakwenda njia yetu."

Wageni walimpungia mkono, naye akawapungia.

Alikuwa mama yake. Keshab alijua, na Suntali alijua, na hapakuwa na mwingine ndani ya basi aliyejua.

Keshab alizaliwa katika ukoo wa Damai, washonaji na wapiga zumari wa harusini, watu ambao hushona nguo ya bibi harusi lakini hawavuki kizingiti cha nyumba anakoolewa. Alipofika mjini akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, alinyimwa vyumba sita kwa siku moja, kila mwenye nyumba akimwuliza jina la ukoo kabla ya kumwuliza kazi. Katika nyumba ya saba alisema "Adhikari", jina la ukoo wa juu, akapewa ufunguo na kikombe cha chai. Hilo kijana mwenye kuona baridi aweza kusamehewa. Lililofuata ni gumu zaidi kulisimulia. Waajiri wake walitaka wageni waonyeshwe kijiji na kazi ya mikono ya zamani, na Keshab, ambaye alijua kijiji kimoja tu vizuri, aliwapeleka kwao. Kwa miaka minane, kila Jumanne, aliwasimamisha wageni barazani kwa mama yake akasema, "Huyu ni fundi wa kijiji." Na Suntali, bila kufundishwa na mtu, aliinuka kwenye cherehani, akainamisha kichwa, akamwita mwanawe bwana.

Kila mara aliuliza swali moja.

"Bwana, hilo ziwa mnalokwenda kuliona lina rangi gani?"

Keshab alijibu kwa Kiingereza, ili wageni wafaidike, kwamba lilikuwa la kijani. Suntali hakujua Kiingereza; Purna ndiye aliyemtafsiria. Alishukuru, akaketi.

Alikufa katika mwezi wa mvua. Kwao, mwana aliyefiwa na mama hunyoa kichwa, huvaa nguo nyeupe, wala haonji maziwa mwaka mzima. Lakini kichwa kilichonyolewa huulizwa habari na kila apitaye njiani. Keshab alichana nywele zake, akaenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Aliyewasha kuni za kumchoma mama kando ya mto alikuwa binamu.

Saa nne walisimama kunywa chai juu ya mto Trishuli, kwa Kalpana, mwanamke wa ukoo wa juu, mkarimu wa mkono na mwepesi wa ulimi.

"Kaka Keshab! Umerudi na mashavu! Mbuzi wa sikukuu si wameisha?"

"Bado wa kwako, dada."

"Wangu ana mapembe, shauri yako. Chai ngapi?"

Suntali, aliyekuwa ameketi pembeni mwa benchi, alisema kwa sauti ya chini, "Bwana mpe ya rangi."

"Ya maziwa," alisema Keshab bila kumtazama, na alipoletewa akainywa yote.

Wafu hunywa mvuke. Suntali alipomaliza mvuke wake aliinuka, akamwaga kilichobaki, akaenda kwenye bomba la nje, akaisuuza glasi, akaifudikiza peke yake juu ya ukuta mfupi. Hakufikiri; mkono wake ulikuwa umefanya hivyo kwa miaka sitini, katika kila mkahawa wa barabara ile, kwa kuwa glasi iliyoguswa na midomo ya Damai haioshwi na mwenye mkahawa.

Kalpana aliona. Kwamba bibi yule alikuwa amekufa, hilo alikuwa ameliona tangu aliposhuka bila kivuli, na halikumshughulisha. Baba mkwe wake alirudi mara mbili kuufuata mwavuli. Kilichomshughulisha ni glasi.

"Kaka, huyu bibi wa ukoo gani?"

"Nitajuaje, dada? Amepanda tu."

"Mie kwenye kufa sisemi kitu, wote tutakufa. Lakini ukoo haufi, kaka. Ungeniambia mapema ningempa ile glasi ya nje."

Alivua hereni yake ya dhahabu, akaichovya katika kopo la maji, akayanyunyiza benchini ili kulitakasa. Sheria ya nchi ilikuwa imeyakataza mambo hayo kabla Keshab hajazaliwa. Suntali alisogea, ili maji yafike hata pale alipokuwa ameketi.

Keshab alisimama akitazama mto, akawaambia wageni urefu wake.

Huko Bandipur, walikolala usiku wa kwanza, Suntali hakungoja kukatazwa kuingia katika nyumba ya wageni. Alishona barazani mpaka jua likatua, na asubuhi kitambaa kilikuwa na kola. Njiani kwenda Pokhara kikapata mkono mmoja, kisha wa pili. Mgeni mmoja, Bi. Ilse, mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani, alihamia kiti cha jirani ili amtazame, na wawili hao, ambao hawakuwa na hata neno moja la kuelewana, walishikiana uzi.

Siku ya tatu, mapema, walipanda mashua ya mbao katika ziwa Phewa: Keshab, Bi. Ilse, Suntali, na Purna aliyekuja na hindi lake la kuchoma. Wageni wengine walikuwa katika mashua mbili za mbele. Upepo haukuwapo. Mlima wa Machhapuchhre ulikuwa umesimama kichwa chini ndani ya maji, mweupe mpaka kileleni. Suntali aliinama ukingoni akatazama kwa muda mrefu.

"Si kijani," alisema.

Akarudi kwenye kazi yake, akafunga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno, akakunjua shati jeupe, akaliweka juu ya magoti ya Keshab. Utepe ulikuwa haujatoka shingoni mwake tangu Kathmandu. Hata hivyo shati lilikuwa na urefu wa Keshab na kifua cha Keshab, na bega la kushoto limeshushwa kidogo, kwa maana bega la kushoto la Keshab lilishuka tangu alipoanguka kutoka juu ya mtini akiwa na miaka saba, na mtu mmoja akambeba mgongoni nusu siku kwenda kwa mganga wa mifupa.

Bi. Ilse alilitazama shati, akalitazama bega.

"Amekushonea wewe," alisema. "Hakukupima. Huyu mama ni nani kwako?"

Purna aliacha kutafuna. Mpiga kasia aliinua kasia, matone yakaanguka majini. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi. Mtoto wa miezi kumi hulisema. Keshab alifungua kinywa, na Suntali akakitazama kinywa hicho, kama alivyokitazama hapo zamani kilipokuwa bado hakina meno.

"Ni vazi la kienyeji," alisema Keshab. "Hushonwa kwa mkono. Hupewa wageni."

Akalikunja, akamkabidhi Bi. Ilse kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" Suntali alimwuliza Purna.

Purna akamweleza, akilitazama hindi lake.

"Bwana anasema kweli," alisema Suntali.

Bi. Ilse alilivaa juu ya koti lake. Aliposhuka nalo ufukweni, watu walipisha njia. Mwuza samaki alisimama akakunja viganja mbele ya kifua. Mama mmoja mwenye kapu alimshika mkono akamwambia pole, Mungu akutie nguvu, mama ni mmoja tu, na macho yake yakalengwa na machozi. Bi. Ilse alishukuru kila mmoja.

"Watu wenu wana upendo mkubwa," alimwambia Keshab.

Siku ya nne, wakirudi, walisimama tena kwa Kalpana. Suntali alipewa glasi ya nje, iliyopasuka mdomo. Keshab alikunywa chai ya maziwa akiwa amesimama, mawazo yake yakiwa mbali, kisha akaenda bombani, akaisuuza glasi yake, akaifudikiza juu ya ukuta, kando ya ile ya mama yake.

"Kaka," alisema Purna polepole.

Glasi mbili zilichuruzika maji juani. Mkono wa Kalpana ulikuwa umeinuka mpaka kwenye hereni, ukakaa hapo.

"Kulikuwa na inzi," alisema Keshab.

"Inzi."

"Ndani ya chai, dada. Inzi mkubwa."

Mkono haukushuka. Keshab akaichukua glasi yake ukutani, akaikung'uta, akaingia nayo ndani, akaiweka mezani katikati ya glasi za wengine. Hapo mkono wa Kalpana ukashuka.

"Si useme nikubadilishie! Unanitia presha. Unajioshea glasi kama nani vile!"

Alicheka, na Keshab akacheka. Suntali naye akacheka, kwa adabu, amefunika mdomo.

Purna hakuwasha redio mpaka mlima wa Thankot.

"Mama yangu nililia kama mbuzi," alisema hapo. "Mbele za watu. Kamasi mpaka hapa."

"Tazama barabara, mzee."

"Naitazama."

Jumanne iliyofuata Suntali alikuwa katika kiti cha kwanza, na kitambaa kipya magotini. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Orodha sasa ina mstari mmoja zaidi, ulioandikwa kwa mkono wa Keshab: Bibi, fundi, wa kijijini. Glasi yenye ufa hukaa ukutani ikimngoja. Kila Ijumaa mgeni mmoja hupanda ndege na shati jeupe la kushonwa kwa mkono ambalo huvuta bega la kulia na kulegea la kushoto, na wageni huandika barua wakiuliza kama kuna kipimo kingine.

Nywele za Keshab huwa zimechanwa vizuri. Saa kumi na mbili na nusu huingia ndani ya basi, huhesabu, na hesabu huwa sawa. Suntali hufunga mkanda kabla ya kuambiwa, huinamisha kichwa, humwita bwana.

Naye huitika.