Vidonge Vitatu vya Daku

Mimi sina subira ya kukaa na neno moyoni, na wanaonijua wanajua. Lakini dada yangu Mwanarusi alinishinda hata mimi, kwa kunyamaza kwake.

Ramadhani iliyofuata zile mvua za El Nino, alianza kukosa tarawehe. Hapa Msambweni wanawake tulikuwa tukiswali kwenye ua wa madrasa, na safu ya mbele kulikuwa na nafasi yake ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Nikimuuliza, aniambia goti. Goti gani, na mchana namwona akitwanga mpunga?

Kumi la kati lilipoingia, mchana wa jua kali, nikamkuta ukumbini amelala. Mwili unawaka na jasho hata tone hakuna. Midomo imemkauka hadi maneno yanagandana. Akaniita kwa jina la mama yetu, aliyekwisha kufa zamani. Nililia palepale, sioni haya kusema.

Husna, jirani yetu, akasema ni shetani.

"Mashetani wamefungwa mwezi huu," nikamjibu, "au wa kwetu wamesahauliwa?"

Nikamwita Jaafar, mume wa bintiye dada, dereva wa hoteli moja huko Diani. Tukampakia garini hadi hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa bara, Veronicah, mpole. Alimgusa chini ya kitovu, dada akaguna. "Mama, kuna dawa yoyote umekunywa?" Fahamu zilikuwa zikimjia na kumtoka, lakini hapo zilimjia. Akamtazama Jaafar, akavuta buibui usoni, akatikisa kichwa. Ndipo nikafahamu kuwa liko neno, na hawezi kulitamka mbele ya mkwewe. Wallahi angekufa pale kwa heshima.

"Jaafar, toka nje."

"Mama mdogo, nani atamshikilia?"

"Mimi nina mikono. Toka."

Alipotoka, dada akasema kwa sauti ndogo kwamba haja ndogo haimpi nafasi. Ikimshika imemshika, udhu haukai, swala haiishi kabla hajakimbia. Alikwenda kwa daktari peke yake kabla ya mwezi kuandama, akapewa vidonge: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. "Sasa mchana nimefunga," akasema. "Nikawa navimeza vyote vitatu kwa pamoja wakati wa daku, vinitoshe hadi magharibi. Na maji nikayapunguza, mkojo usije."

Daktari hakumgombeza. Alieleza kuwa dawa ile hukausha mdomo na jasho, na ikizidi, kibofu hukataa kabisa kutoa mkojo. Vitatu kwa mpigo, kwa umri wake, joto hili na bila maji ya kutosha, ndivyo vilivyomvuruga akili. Akamtoa mkojo kwa mpira, akamtundikia dripu. "Ungeuliza kabla ya kufunga, mama, tungekupangia upya. Dozi usijipangie mwenyewe."

"Mficha uchi hazai, dada," nikasema. Nilitaka kumfokea; sauti ikatoka na machozi. Akanishika mkono. Nilikuwa karibu kumpoteza kwa jambo la kwenda msalani.

Alikatazwa kufunga mpaka apone, akapewa dozi ndogo zaidi, na akaambiwa anywe maji wala asijinyime. Kumi la mwisho akarudi tarawehe. Hakwenda safu ya mbele; alisimama kando ya mlango. Katikati ya tarawehe, baada ya salamu ya rakaa mbili, akainuka mbele ya macho yetu sote, akaelekea choo cha uani. Akatembea taratibu, kichwa juu. Kisha Husna naye akainuka.

Alipomkuta dada akitoka chooni, alimnong'oneza, "Mwanarusi, nigawie hivyo vidonge vyako."

"Sigawi. Wewe una presha ya macho, na daktari aliniuliza habari ya macho kabla ya kunipa. Nenda ukapimwe mwenyewe."

Husna akainamisha kichwa. "Nitakwenda na nani? Naona haya."

"Utakwenda na Mishi," dada akasema, akanielekezea kidole bila hata kunitazama. "Naye ana haja ya kwenda. Au waona amekufuata hapa kwa nini?"

Nilikuwa nyuma ya Husna, nimebana miguu; nikawapita wote wawili mbio, nikaingia chooni.